Chumba cha Mama

Duka la vigae lilikuwa limefurika watu. Fundi cherehani, mwanamke aliyevaa gauni la kijani alilojishonea mwenyewe, alikuwa akibishana na muuzaji.

"Hii nayo nyeupe? Hii ni rangi ya maziwa yaliyoganda!"

"Ukiiweka bafuni, yatachacha kabisa," sauti nzito ikadakia nyuma yake.

Akageuka. Mwanamume mrefu, mikono ya shati imekunjwa, michoro kaibana kwapani. Alikuwa msanifu majengo. Walicheka mpaka muuzaji akawakimbia. Walipotoka pale, fundi alikuwa amepata wa kumchorea nyumba. Na kabla msingi haujachimbwa, amepata na mpenzi.

Simu zikawa hazikatiki.

"Malkia wangu, chumba cha mama nikiweke wapi?"

"Asikae mbali na mimi, basi. Mengine unayajua, laazizi."

"Nayajua?"

"Kwani wewe si unausoma moyo wangu?"

Msanifu alicheka, akachora. Aliona kuulizauliza kutamfanya aonekane mgeni kwa mpenzi wake. Naye fundi, ambaye hakati kitambaa bila kumpima mteja mara mbili, alipoletewa ramani aliikodolea macho ile mistari asielewe kitu, akasema, "Imependeza, mpenzi."

Tena kulikuwa na jambo alilolificha. Mama yake, aliyeishi kwa kaka yake mji mwingine, alikuwa hatembei tena. Wanaume waliomtaka fundi kabla ya huyu walisikia habari za kiti cha magurudumu, simu zao zikaanza kupungua. Safari hii aliogopa.

Nyumba ikasimama. Siku mama alipoletwa, msanifu alikuwa mlangoni na suti yake ya bluu, tayari kumlaki mkwe. Akamwona kaka mtu akishusha kiti cha magurudumu garini. Akageuka, akazitazama ngazi. Chumba cha mama kilikuwa juu, ubavuni mwa chumba cha binti yake.

Mama naye alizitazama, akacheka kidogo. "Mwanangu, umenijengea ghorofa niitazame?"

Akalazwa sebuleni. Mlango wa choo cha chini haukupitisha kiti, ikabidi binti amwogeshe mama yake kwenye beseni nyuma ya pazia, huku wageni wakibisha hodi.

"Kwa nini hukuniambia?" msanifu alifoka.

"Kwa nini hukuuliza? Mchoraji gani haulizi nani atalala wapi na atafikaje?"

"Niliuliza! Ukasema nausoma moyo wako. Moyo hauna vipimo, bibie!"

"Niache kwanza," alisema, machozi yakimlengalenga. "Niache."

Msanifu akaondoka. Mvua zikaja, zikapita. Hakuna aliyempigia mwenzake. Mwishowe mama ndiye aliyeshika simu: "Mwanangu, njoo unirekebishie. Mimi sina ugomvi na wewe."

Alikuja. Stoo ya jikoni ikaanza kugeuzwa chumba, na mlango wa choo cha chini kupanuliwa.

"Mlango uwe mpana kiasi gani?"

"Leta kiti tupime."

"Na swichi?"

"Mkono wa mama unaishia hapa."

Fundi cherehani asipoelewa mchoro, alisema haelewi. Msanifu akauchora upya sakafuni kwa chaki. Siku moja walicheka mpaka waashi wakasimamisha kazi kuwatazama. Kesho yake fundi alijifukiza manukato.

Kazi ilipokamilika, alimwandalia meza.

"Kaa ule, laazizi. Nataka tuzungumze ya kwetu."

Msanifu alibaki amesimama. "Nimeshachumbia kwingine, dada."

Hilo "dada" lilimchoma kuliko habari yenyewe.

"Lini?"

"Ulisema nikuache."

"Nilisema uniache kwanza."

"Sikujua kama kuna baadaye."

"Ungeuliza."

"Ungesema."

Alimsindikiza hadi getini. Aliporudi, mama alikuwa akitoka chooni peke yake, akiimba.

"Mgeni ameshakula?"

"Ana haraka, mama."

"Ungemwambia mlango wake unapitika vizuri sana."

"Nitamwambia," alisema binti, akaanza kuondoa sahani.