Koki ya Pili

Haya yalimpata rafiki yangu Gires, hapa Walthamstow, London, mwaka 2008. Katika gemu ya kompyuta waliyocheza pamoja, mwenzake Déogratias alibuni mtego wa vishikio viwili. Kimoja kikivutwa peke yake, hakifanyi kitu. Vikivutwa vyote, mlango unajifunga na maji yanajaza chumba. Gires, bila haya, akautangaza mtandaoni kuwa wake.

"Mtego huo unamjua mwenyewe, ndugu yangu," Déogratias alimwambia. Mwezi uleule akafa.

Jioni moja, akicheza, Gires alivuta kishikio kimoja cha mtego. Cha pili kikajivuta chenyewe, na watu wake wote kwenye gemu wakazama. Akazima kompyuta. Gizani akasikia maji bafuni, akaingia akipapasa. Koki ya maji moto ilikuwa wazi. Ya maji baridi ilikuwa ikijifungua yenyewe polepole chini ya kiganja chake.