Umeme Uliokwama kwenye Kutu

Saidati alikuwa fundi cherehani. Nyumba yake ilikuwa kilimani, pembeni mwa mji wa Gisenyi. Alishonea mlangoni. Kila alipoinua macho aliona mabati ya Goma, upande wa pili wa mpaka. Huko ndiko alikoolewa binti yake wa pekee, Keza. Keza alikuwa karibu kujifungua, na mpaka ulikuwa umefungwa.

"Mama gani anakosa kushika mukono wa mutoto wake siku ya kuzaa?" Saidati alimuuliza mumewe, Dauda.

"Simu iko," Dauda alijibu kwa upole. "Ataita."

Simu ilichajiwa kwa betri ya sola. Paneli ilikuwa juu ya paa, na waya mbili zilishuka ukutani hadi kwenye betri. Wiki ile mbuzi alitafuna waya mmoja, kipande kikakatika. Dauda alichukua kipande cha waya wa kuanikia nguo, chenye kutu, akaziba pengo. Hakumenya vizuri plastiki iliyofunika waya. Alisokota juu juu tu. Betri haikujaa tena, na simu ikazima.

Saidati akaipeleka mjini, kwenye kibanda cha kuchaji. Aliiacha huko mchana kutwa. Alipoichukua na kuiwasha, ujumbe ulimwambia Keza alikuwa amepiga. Akapiga haraka. Simu ya Keza haikupatikana.

"Amenitafuta," alisema, simu ikiwa kifuani. "Amenitafuta, na mi sikuwa."

Jumamosi jirani yao Vénantie alirudi kutoka Nyundo. Alifundisha fizikia huko katika shule ya sekondari. Alileta kitambaa cha kushonwa, akamkuta Saidati macho yamevimba.

"Mama Keza, iko nini?"

Saidati alimweleza yote. Vénantie akatoka kuutazama ule waya.

"Baba Keza, ni wewe uliunganisha hapa?"

"Ni mimi, Madamu. Chuma si kinapitisha umeme?"

"Kinapitisha. Lakini kutu si chuma tena. Na huku umefunga juu ya plastiki. Unajua kwa nini shaba inapitisha umeme, na plastiki inakataa?"

"Mi sijui."

Vénantie akaketi kwenye kizingiti.

"Kila kitu kimejengwa kwa chembe ndogo sana. Tunaziita atomu. Ndani ya atomu kuna chembe ndogo zaidi, elektroni. Kwenye plastiki, kila elektroni imeshikwa na atomu yake. Haitoki. Kwenye shaba, atomu zimekaa karibu karibu, na kila moja inaachilia elektroni. Hizo ni elektroni huru. Zinazunguka katikati ya atomu zote, kama watu sokoni Mahoko. Hazina mwenyewe."

"Na umeme?" Dauda aliuliza.

"Sokoni kila mutu anaenda kwake. Umeme ni pale zote zinaposukumwa upande mumoja. Jua likipiga, paneli inazisukuma. Zinapita kwa waya mmoja na kurudi kwa ule mwingine. Donc, kwa hiyo, waya zote mbili lazima ziwe nzima. Kwenye kutu elektroni nyingi zimeshikwa, umeme unakwama."

Saidati alitazama upande wa Goma. "Kumbe hizo zinapita tu," alisema polepole. "Hakuna anayeziuliza zinakwenda wapi."

Vénantie akamshika bega.

Dauda alinunua waya mpya wa shaba mjini. Walifunika paneli kwa kitenge isipate jua, wakaondoa waya kwenye betri. Dauda akamenya plastiki, akasugua ncha za shaba kwa msasa mpaka zikang'aa. Alizisokota kwa kukaza, akazungushia utepe wa umeme. Kisha akapitisha waya ndani ya bomba, mbuzi asiufikie.

"Hii ni sola ndogo," Vénantie alisema. "Umeme mkubwa wa nyumba usiuguse. Utakuua. Ita fundi."

Wakarudisha waya, wakaondoa kitenge. Taa ndogo ya chaji ikawaka papo hapo.

"Yewe! Zinakimbia hivyo?" Dauda alishangaa.

"Oya, hapana. Kila moja inakwenda polepole kuliko konokono. Lakini waya umeshajaa elektroni toka mwanzo mpaka mwisho. Zikisukumwa, zote zinaanza pamoja."

Jumapili mchana simu ililia. Dauda akapokea. Alikuwa Bahizi, mume wa Keza.

"Baba, ni mutoto mwanaume! Wote wazima." Akasita kidogo. "Mi ni Mukristo, unajua. Keza anataka mutoto asikie adhana. Mi sijui maneno."

"Weka simu kwenye sikio lake la kuume," Dauda alisema.

Alisimama akaelekea kibla, akaadhini kwa sauti ya chini. Alipomaliza, Saidati aliichukua simu kwa mikono miwili.

"Mama," Keza aliita, "unanisikia?"

"Nakusikia, mwanangu. Pole. Pole sana."

"Nilikutaka hapa."

"Najua. Anafanana na nani?"

"Na wewe, Mama. Paji la uso ni lako."

Saidati akafumba macho ajaribu kumwona. Hakuweza.

"Basi mulaze karibu na simu," alisema. "Nimusikie akipumua."

Keza alimlaza. Saidati alisikiliza pumzi ndogo kutoka Goma, na hakuwa na haraka ya kukata. Betri ilikuwa imejaa.