Boksi Lililopimwa Peke Yake

Kila asubuhi, kabla ya chai, mzee Elijah Mwandawiro alifuta mita yake kwa kitambaa safi. Ilikuwa mita ya kupimia umeme, yenye mshale na waya mbili, moja nyekundu na moja nyeusi. Alikuwa fundi wa reli pale Voi kwa miaka ishirini na sita. Siku ya kustaafu, wenzake walimpa mita hiyo kama zawadi.

"Baba Wakio," mkewe Lois alimtania, "kama ungenitunza hivyo mimi, hadi leo ningekuwa msichana."

Redio ya jirani ikinyamaza, aliitwa Elijah. Pasi ikikataa kupata moto, aliitwa Elijah. Naye alipenda kuitwa. Tuseme ukweli, alipenda mno.

Katika nyumba hiyo aliishi pia Tryphena, mpwa wake, binti wa marehemu dada yake wa Wusi. Elijah ndiye aliyemtafutia kazi ya kupiga chapa katika ofisi ya chama cha ushirika mjini. Mwaka wa 1988 ofisi hiyo ilipewa kompyuta na marafiki wa kanisa. Tryphena akafundishwa kuitumia. Mwezi wa Juni angefanya mtihani wa ukarani mjini Mombasa. Kilichobaki kilikuwa barua ya ofisi tu, ya kuthibitisha kwamba yeye ni mfanyakazi wao.

Asubuhi moja mwezi wa Mei, kompyuta ilikataa kuwaka. Feni yake ilizunguka kidogo, ikasimama. Meneja, Bwana Munyao, akatuma mtu amwite Elijah.

Elijah alifika na mita yake kwapani. Kule reli alikuwa amefundishwa jambo moja: kifaa unachokishuku, kishushe, kiweke mezani, ndipo ukipime. Alikuwa amefanya hivyo maisha yake yote. Basi alitoa plagi, akafungua kifuniko cha kompyuta. Akachomoa waya zote za boksi linaloleta umeme, lile ambalo mafundi huliita pawa saplai. Akaliweka mezani peke yake. Kisha akalichomeka kwenye soketi, akaliwasha, akagusisha waya za mita.

Mshale haukuinuka. Akapima tena. Sifuri.

"Hili limekufa," alisema. "Limeungua."

"Limeunguzwa na nini?" aliuliza Munyao.

Elijah alitazama ukutani. Kwenye soketi ile ile ya kompyuta, birika la umeme pia lilikuwa limechomekwa.

"Nani huchemsha chai hapa?"

Watu wote walimgeukia Tryphena.

"Mjomba, jana jioni nilipokuwa nikiandika, nili..."

"Ngoja kwanza," Elijah alimkatiza. Aliona jinsi ofisi nzima ilivyomkazia macho. Hakutaka waseme anampendelea mtoto wa dada yake. Akageukia upande wa meneja. "Birika na kompyuta kwenye soketi moja. Ndiyo sababu."

Bwana Munyao hakuwa mtu mbaya, lakini alipaswa kuwaeleza wale marafiki wa kanisa ni nani aliyeharibu zawadi yao. Alimsimamisha Tryphena kazi siku hiyo hiyo. Jioni msichana alifunga nguo zake, na kesho yake akapanda mlimani kwa nyanya yake, Wusi.

"Ulimsikiliza lakini?" Lois alimwuliza mumewe.

"Nilipima, Mama Wakio. Mita haisemi uongo."

Lois alikusanya vikombe, akaingia jikoni.

Juni ikaja. Barua ya ofisi haikuandikwa. Mtihani ukafanywa bila Tryphena.

Mwezi wa Julai boksi jipya lilifika kutoka Mombasa. Lililetwa na fundi wa kompyuta, mwanamke kijana aitwaye Mwanaesha. Alikuwa amezaliwa papo hapo Voi. Baba yake, Alwi, aliuza vitambaa karibu na soko. Munyao alimwita Elijah aje kushuhudia kazi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Hujambo?"

"Sijambo." Mwanaesha alitua mkoba wake. "Nani alikuwa akiitumia kompyuta hii kabla haijakataa?"

"Msichana mmoja," alisema Munyao. "Hayupo siku hizi."

"Inasikitisha. Nilitaka kumwuliza alisikia nini na alinusa nini. Hilo ndilo huwa naanza nalo."

Elijah alijikohoza kidogo.

Mwanaesha alifunga boksi jipya, akachomeka waya zote, akawasha. Feni ilizunguka kidogo, ikasimama. Ilikuwa vile vile kama mwezi wa Mei.

"Nalo jipya limekufa?" aliuliza Munyao.

"Sidhani. Lile la zamani liko wapi? Na nani aliyelipima?"

"Mimi," alisema Elijah. "Lilisoma sifuri."

"Ulilipima likiwa ndani ya kompyuta, au peke yake?"

"Peke yake. Mezani."

Mwanaesha aliinamisha kichwa. Ilionekana wazi kuwa hakutaka kumwaibisha mzee.

"Mzee wangu, boksi la aina hii halifanyi kazi bila mzigo. Mzigo ni kile kitu kinachotumia umeme wake. Ukiliwasha peke yake, linajizima. Ndivyo lilivyoundwa. Hata hili jipya, ukilipima mezani, utasoma sifuri."

"Hata jipya?"

"Hata jipya. Niruhusu nikuonyeshe."

Alizima, akatoa plagi ukutani, ndipo akaanza kubadilisha boksi.

"Kila ninapochomoa au kuchomeka waya, kwanza nazima na kutoa plagi. Na boksi lenyewe silifungui kamwe. Ndani yake umeme hubaki hata baada ya plagi kutolewa, nao unaweza kuua mtu."

Akarudisha boksi la zamani. Alichomeka waya za bodi kubwa ya kompyuta peke yake. Waya za zile diski mbili za mbele, zinazohifadhi kazi, aliziacha zikining'inia. Akarudisha plagi, akawasha. Feni ilizunguka, na safari hii haikusimama.

"Sasa pima, mzee. Waya nyeusi ya mita iguse waya nyeusi ya boksi. Nyekundu iguse nyekundu. Taratibu, zisigusane."

Mshale uliinuka.

"Tano," Elijah alisoma kwa sauti ndogo.

"Volti tano. Ikiwa kuanzia nne na robo tatu hadi tano na robo, ni sawa. Jaribu waya ya manjano."

"Kumi na mbili."

"Nayo ni sawa. Boksi hili halina ubaya wowote. Halikuungua."

Elijah alishika mita kwa mikono miwili. Betri za mabehewa ya reli hakuwa akizishusha; alizipima taa zikiwa zimewashwa, maana bila taa hata betri mbovu husoma vizuri. Alilijua jambo la mzigo kabla Mwanaesha hajazaliwa. Siku ile hakulikumbuka, kwa sababu watu walikuwa wakimtazama.

Mwanaesha alizima, akatoa plagi, akachomeka diski ya kwanza, akarudisha plagi, akawasha. Feni ikaendelea. Akazima tena na kutoa plagi, akachomeka diski ya pili, akarudisha plagi, akawasha. Feni ikasimama.

"Mkosaji huyu hapa," alisema. Alitoa plagi, akafungua skrubu, akawaonyesha. Kwenye diski hiyo palikuwa na kifaa kidogo, ukubwa wa punje ya kunde, cheusi, kimepasuka. "Hiki huharibika chenyewe. Kikipasuka, umeme mwingi hukimbilia hapo. Boksi linajizima ili lijikinge."

"Na birika?" aliuliza Munyao.

"Lipewe soketi yake, ni vizuri zaidi. Lakini birika halihusiki na haya. Hakuna mtu aliyeharibu kompyuta hii."

Kesho yake Elijah alipanda Wusi. Alimkuta Tryphena shambani akipalilia maharagwe. Alikuwa amepanga maneno mengi njiani, yote yakamtoka kichwani.

"Nimekukosea, mwanangu," alisema. "Boksi halikuungua. Ni diski. Nilipima vibaya, na nikakuhukumu mbele ya watu."

Tryphena aliendelea kushika jembe lake.

"Najua ni diski, mjomba. Jioni ile ilipiga mlio, pah, halafu nikanusa harufu ya kuungua. Ilitoka mbele, kwenye mlango wa diski. Hilo ndilo nililotaka kukwambia."

Elijah alikaa chini, pale pale kwenye udongo.

"Hukuniuliza," alisema Tryphena. Hakuwa na hasira. Alikuwa na huzuni tu, na hiyo ilimwumiza mzee zaidi.

Bwana Munyao alimrudisha kazini kwa barua, na Elijah alisimama mbele ya ofisi nzima akasema kosa lilikuwa lake. Mtihani ulibidi usubiri hadi mwaka uliofuata. Mwaka mzima wa mtoto wa watu ulipotea, na Elijah hakuwa na namna ya kuurudisha.

Tryphena aliandika karatasi, akaibandika ukutani karibu na kompyuta. Muulize aliyekuwa akiitumia. Toa plagi kabla ya kugusa waya. Usifungue boksi la umeme. Lipime likiwa na mzigo. Ongeza kifaa kimoja kimoja.

Mwezi wa Machi kompyuta ilikataa tena. Elijah aliitwa, akaja na mita yake. Wafanyakazi wakamzunguka kama zamani. Aliiweka mita mezani, akavuta kiti, akakaa karibu na Tryphena.

"Haya, mama," alisema. "Ulisikia nini?"

"Sikusikia kitu, mjomba. Ila asubuhi, wakati wa kufagia, meza ilisogezwa."

Elijah alipiga magoti, akatazama nyuma ya meza. Plagi ilikuwa imelegea kwenye soketi. Akaikaza, na kompyuta ikawaka. Mita hata haikuhitajika.

Tryphena alicheka, na wenzake wakacheka. Elijah naye alicheka kidogo. Kisha aliifunga mita ndani ya kitambaa chake, akainuka kurudi nyumbani, huku akiwaza jinsi swali hilo moja lilivyokuwa rahisi kuuliza mwezi ule wa Mei.