Sahihi ya Panayis

Mara ya kwanza Rubina aliiona kwenye unga. Ilikuwa adhuhuri, siku ya arobaini na moja tangu mumewe azikwe. Juu ya unga aliokwisha kuuchekecha, mtu alikuwa ameandika jina: Panayis. Mwandiko wa marehemu mwenyewe.

"Marula, ni wewe?" alimwuliza mpishi wake.

"Mimi? Mimi hata jina langu silijui likiandikwa, bibi."

Rubina akaufuta unga kwa kiganja.

Panayis hakuacha mtoto. Kwa wosia wake alimwachia mkewe kila kitu: nyumba ya mawe, kinu cha zeituni, na mashamba yote ya zabibu yaliyoteremka hadi pwani ya kisiwa cha Kefalonia. Mdogo wake, Dionisis, hakupata hata shoka. Tangu hapo kila akipita uani alipaza sauti: "Lala salama, shemeji, kwenye kitanda cha baba yangu!"

Lakini shemeji hakulala. Kila kengele ya adhuhuri ilipolia, wakati wafanyakazi wamejinyoosha kivulini, ilianza sauti: kwaru, kwaru, kwaru, kama kalamu ikwaruzayo karatasi ngumu. Ikaja na harufu ya wino na kafuri, kafuri ileile waliyomchulia Panayis kifua alipokuwa mgonjwa. Sauti ikinyamaza, jina lilionekana: nyuma ya mlango, kwenye ganda la mkate uliotoka tanurini sasa hivi, ndani ya mkono wa gauni alilokuwa amelivaa.

"Bibi," Marula alinong'ona, "huyu marehemu anadai nini?"

"Nyamaza. Atasikia."

Siku ya hamsini Rubina alijifungia chumbani, akakaa kitandani na mikono yake kaiweka mapajani, akaisubiri kengele huku akijiambia kwamba mlango una komeo, kwamba dirisha limefungwa, kwamba nje kuna jua na watu, na kengele ilipolia harufu ya kafuri ikapanda kutoka kwenye godoro lenyewe, na vidole baridi, vizito, asivyoviona, vikaufunika mkono wake wa kulia kidole kwa kidole, vikaubana, vikaunyanyua, vikaupeleka ukutani, naye akivuta na kuvuta bila sauti kumtoka, ukucha wake ukaanza kuandika kwenye chokaa.

Marula alipouvunja mlango, alimkuta bibi yake bado anaandika. Ukucha ulikuwa umeng'oka.

Kesho yake alikuja Padri Vikentios na maji ya baraka. Akanyunyiza kila pembe, akasoma. Kwaru, kwaru, sauti ikaendelea nyuma ya mgongo wake. Akafunga kitabu.

"Mwanangu, huyu hafukuziki. Kuna kitu kimemshika humu. Ulimfanya nini?"

Rubina akamgeukia Marula. "Mwiteni Dionisis," akasema.

Dionisis akaja na kofia kichwani, akasimama kizingitini.

"Siku ile," Rubina alianza, "mwandishi wa wosia na mashahidi walikuwa sebuleni wanakunywa kahawa. Karatasi ilikuwa tayari, imebaki sahihi tu. Panayis akaniambia, nipe kalamu. Nikageuka kuichovya wino. Nilipomgeukia, alikuwa amekwisha kufa."

Dionisis akavua kofia.

"Nilijua bila sahihi ile utanitoa nje, shemeji. Miaka ishirini na mbili nimepogoa mizabibu ile kwa mikono hii. Nikamtia kalamu vidoleni, nikaushika mkono wake, nikaandika. Kisha ndipo nikapiga yowe."

"Mchawi wee!" Dionisis alisema, lakini kwa sauti ndogo, maana kalamu ilikuwa ikikwaruza ukuta karibu na sikio lake.

"Mwachilie marehemu," padri akamwambia Rubina.

Rubina aliutoa wosia kifuani, akauchana vipande mbele yao. "Panayis, weka kalamu chini. Hukuandika wewe. Kesho nitakwenda kwa mwandishi niseme hivyohivyo."

Mkwaruzo ukakoma. Kisha kitu chepesi kikaanguka sakafuni, kikabingirika, nao hawakukiona. Harufu ya kafuri ikakatika. Nje, wafanyakazi walikuwa wakicheka.

Kwa mwandishi alikwenda kweli, akasema. Alirudishiwa kasha la mahari alilokuja nalo kutoka kwao na mbuzi wawili, basi. Dionisis alisimama uani akiitazama nyumba yake, anaogopa kuingia.

Padri alimsindikiza Rubina mpaka njia panda. Hapo akamwuliza taratibu, "Mwanangu, jina lote uliliandika wewe?"

Rubina aliutazama mkono wake uliofungwa kitambaa.

"Herufi sita, Padri, niliziandika mimi. Nilipofika ya saba nililia, nikamwachia mkono." Akawavuta mbuzi kamba. "Ya saba aliiandika mwenyewe."