Saa Mbili Mikononi mwa Fundi

Saa janja ilikuwa mezani, haijavaliwa na mtu yeyote, na ilikuwa inahesabu mapigo ya moyo.

Bosi aliinama akaitazama vizuri. Hamsini na nane. Hamsini na tisa. Hamsini na nane tena. Taa yake ndogo ya kijani ilikuwa inamulika kitambaa cha meza ya baba yake, na kitambaa, hata mimi niliyeikimbia shule mapema najua, hakina moyo. Baba mwenyewe alikuwa nje bombani ananawa mafuta. Alikuwa amevua saa zote mbili, ya mkono wa kushoto na ya mkono wa kulia, akazilaza ubavu kwa ubavu. Bosi akaiinua ile janja. Vistari vitupu. Akairudisha pale pale, karibu na ile saa nzee ya ufunguo. Hamsini na nane.

"Baba, njoo uone maajabu."

Fundi aliingia anajipangusa mikono kwenye suruali. "Eh! Inapima kitambaa? Si nilikwambia hiyo televisheni ya mkononi haina akili?"

"Inadanganyika na mwanga tu. Hizi hata ukiivisha ndizi zinasoma."

"Basi kawauzie ndizi. Mimi niache."

Wakacheka. Cheka na wewe sasa hivi, maana nafasi za kucheka humu ndani ni chache.

Duka lilikuwa moja lenye ubao katikati. Kushoto alikaa Fundi, mzee wa saa za ufunguo, aliyevaa kile kilenzi cha jichoni miaka mingi hadi kikamwachia duara kwenye ngozi, ukimwona kwa mbali unadhani amepigwa ngumi. Kulia alikaa binti yake wa pekee, muuza saa janja, ambaye baba alimpa jina la Bosi tangu alipoanza kumwamrisha anywe dawa. Mama alikuwa amekwisha kufariki. Wateja wa kushoto walikuwa wanapungua kwa kuzikwa. Wa kulia walikuwa wanasukumana mlangoni.

Ugomvi wao ulikuwa mmoja tu. Fundi alikuwa ameshawahi kuanguka pale mezani, kibanio kingali mkononi, na daktari akasema moyo wake unaruka mapigo, unatakiwa kuangaliwa hata akiwa amelala. Bosi akatoa saa nzuri kuliko zote kabatini mwake akamvisha. Mzee akaivua kabla binti hajageuka.

"Saa gani hii inalishwa umeme kama friji?" alisema. "Saa unaitia ufunguo mwenyewe asubuhi, mnasalimiana, siku inaanza. Hii yako inaniamuru nisimame, nitembee, nivute pumzi. Hata marehemu mama yako hakunifikisha huko."

"Mama hayupo, baba. Nimebaki mimi. Ukianguka tena nitajuaje?"

Mzee akafanya wanachofanya wazee wakibanwa: akaweka dau. Atavaa zote mbili wiki nzima, ya ufunguo kushoto, janja kulia. Ile ya ufunguo ikipoteza hata sekunde moja, atavaa janja hadi kaburini bila kelele. Isipopoteza, Bosi asitaje tena habari za moyo. Binti akakubali huku anacheka. Saa ya ufunguo isiyopoteza sekunde wiki nzima? Labda izaliwe upya. Moyoni mwake alikuwa ameshashinda, ameshampata baba yake.

Ila mzee alikuwa nayo moja.

Ililetwa na mwanamke mjane, aliyeishika kwa ncha za vidole kama anashika panya. "Ilisimama pale pale mume wangu alipokata roho," alisema. "Itengeneze, ndugu zake wanaidai. Lakini usiivae, Fundi, nakuomba. Alianza kuivaa kwa kujionesha tu. Mwisho akawa haivui hata kuoga."

Fundi aliifungua. Hakukuta uchafu wala jino lililovunjika. Aliitia ufunguo kidogo tu, ikatembea. Sasa mafundi wa saa wana desturi yao, mwanafunzi anafundishwa kabla hata ya kushika bisibisi: saa ya marehemu inatundikwa kwenye msumari, itembee peke yake mchana na usiku, ndipo iguse ngozi ya mtu. Fundi aliitundika. Ikasimama. Akaishika mkononi, ikatembea. Akaitundika tena, ikasimama tena. Fundi mwingine yeyote angeifunga kwenye karatasi akamrudishia mwenyewe siku hiyo hiyo, tena kwa mbio. Huyu wa kwetu alichoona ni kwamba, ikiwa mkononi, haipotezi sekunde. Akaona ushindi. Akaivaa, na ndiyo hiyo iliyokuja kulazwa mezani karibu na ile janja.

Hapo ndipo duka lilipoanza kuharibika.

Kwanza harufu. Ilikuwa harufu ya mkanda wa ngozi uliolowa jasho la mtu mgonjwa, ikitoka upande wa kushoto, ikipita chini ya ubao. Bosi alipiga deki mara mbili. Haikusikia maji wala sabuni.

Kisha sauti. Ukutani kwa Fundi zilitundikwa saa nyingi za kila umri, na kwa kawaida kila moja ilikuwa na mdomo wake, zote pamoja zikisikika kama mvua juu ya bati. Alasiri moja Bosi akiwa anafuta vioo vya kabati aligundua kwamba mvua imekatika. Kulikuwa na mlio mmoja tu. Tk. Kimya. Tk. Kimya. Akachungulia ukingoni mwa ubao, akaona saa zote za ukutani, kubwa kwa ndogo, hata zile mbovu ambazo baba yake alizitunza kwa ajili ya vipuri, zinapiga pamoja, mapendulo yote yakienda upande mmoja na kurudi upande mmoja kama watu wanaokataa kwa kichwa, na chini yake baba yake amekaa wima bila kazi mkononi, macho wazi, kilenzi kimemwangukia mapajani, mkono wa kushoto wenye ile saa ya mjane umelala juu ya meza kama wa mtu anayetolewa damu, na kwenye mkono wa kulia kioo cha saa janja kimewaka chenyewe kikionesha arobaini na moja, halafu arobaini, halafu thelathini na tisa, na kila namba iliposhuka, ule mlio wa ukutani uliongezeka nguvu kidogo, kama mtu anayepata nafuu.

"Baba," alinong'ona. "Ivue."

"Nikiivua nitashindwa dau."

"Umeshinda. Nimekubali, umeshinda, sitasema tena habari za moyo. Ivue."

Fundi aligeuka akamtazama kama anavyotazamwa mteja aliyekosea duka. "Bado hajashiba," alisema.

"Nani?"

Bosi alijaribu kufungua ule mkanda kwa kucha, na ngozi ya mkanda na ngozi ya baba yake hazikujulikana tena zinaachana wapi.

Aliyeleta mganga alikuwa Mwalimu. Huyu alikuwa mwalimu mstaafu, mteja wa zamani wa Fundi, mwenye saa za ufunguo droo nzima, aliyekuwa akiapa kwamba afadhali akatwe mkono kuliko kuuvisha saa janja. Aliingia siku hiyo kuchukua saa yake, akasikiliza ukuta kidogo, akatoka kinyumenyume bila kuaga. Alirudi na mwanamke mfupi mwenye begi la plastiki, anayetafuna ubani kama yuko kwake.

Mganga alinusa mara moja. "Funga mlango. Avuliwe vyote vya mikononi."

"Hii ya ufunguo haitoki," alisema Bosi.

"Hiyo itatoka, ndiyo kazi iliyonileta. Nasema hiyo nyingine."

Bosi akaufunika mkono wa kulia wa baba yake kwa mikono yake miwili. "Hii hapana, mama. Niachie hii. Ndiyo inanionesha kwamba bado yupo."

Mwalimu naye akasema, kwa sauti ya chini, "Hiyo ni betri na kioo tu, mama. Jini atakaa kwenye betri?" Mganga akatikisa mabega. Hata waganga wana siku zao za uvivu.

Alichoma alichochoma, akasoma alichosoma, moshi ukajaa hadi saa za ukutani hazionekani, unasikia mlio wake tu. Kisha akauliza, "Wewe uliyemo, unataka nini?"

Fundi akajibu kwa sauti iliyokuwa inatoka kifuani bila midomo kushughulika sana. "Mkono. Mimi nakaa palipo na mkono."

"Huyu ana mtoto. Toka."

"Sawa," sauti ikasema. "Natoka."

Ilikubali upesi mno, kama mpangaji aliyekwisha kupata nyumba nyingine. Hilo nalisema mimi sasa hivi. Wao, kwa furaha, hakuna aliyeliwaza. Mkanda ulifunguka wenyewe. Mganga akampa Fundi nyundo yake mwenyewe, akamwamuru aivunje ile saa, na mzee, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kuipiga saa hata kwa kucha, aliipiga huku machozi yanamtoka, springi ikaruka, meno yakatawanyika sakafuni, na ukutani mvua ikarudi, kila saa na mdomo wake. Bosi akatazama mkono wa kulia. Sabini.

"Sabini!" akapiga kelele, akamkumbatia Mwalimu, akamkumbatia na mganga. "Sabini kamili!"

Na mzee akabadilika. Dau lake aliliacha, saa janja haivui, usingizini nayo, bafuni nayo. Meza yake ya upande wa kushoto aliifunika shuka. Akahamia upande wa binti yake, na ndugu yangu, aliuza! Wale wazee wagumu wa saa za ufunguo, waliopita nje ya kabati la Bosi kama wanapita danguro, walikuja mmoja mmoja kumsikiliza.

"Wewe unaipendea nini saa yako?" aliwauliza taratibu.

"Inanitegemea," Mwalimu alijibu. "Nisipoitia ufunguo, inakufa."

"Hii pia usipoichaji inakufa. Ile unailaza mezani usiku. Hii inalala na wewe, inakusikiliza. Leta mkono."

Mwalimu, mwenye kiapo chake cha kukatwa, akaleta mkono. Wakafuata wenzake. Ungetaka kujua kama saa janja zinawavutia wapenzi wa saa za zamani, ungesimama mlangoni pale uone wanavyopanga foleni.

Bosi alikuwa na furaha, hadi siku alipotaka kumkata baba kucha. Kucha hazikuwa zimeota. Akajaribu kukumbuka mara ya mwisho kumwona anakula, akashindwa. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake anatazama barabara, na kioo cha mkononi kinasema sabini, kama kilivyosema jana na juzi, sabini akipanda ngazi, sabini akilala, namba ambayo hakuna moyo wa mtu unaoweza kukaa nayo bila hata kuteleza kidogo, na Bosi akainamisha kichwa polepole, kama mtoto anayedeka, akaweka sikio kifuani mwa baba yake, akasubiri, akasubiri, akahamisha sikio, akaziba lile jingine kwa kidole, na ndani mle hamkuwa na kitu, si mlio, si pumzi, ila baridi ya ukuta wa nyumba iliyohamwa.

Akafungua mkanda.

Baba yake alianguka mbele kama koti lililotoka kwenye msumari. Uso ukawa wa majivu, taya likashuka, na ile harufu ya jasho la mgonjwa ikalijaza duka. Bosi alipiga magoti, mkanda unamponyoka, akaurudisha, akabana. Sabini. Mzee akanyanyua kichwa.

"Usirudie," alisema, kwa upole ule ule wa baba.

"Baba yangu yuko wapi?"

"Yumo. Namtumia kidogo kidogo." Alijinyoosha shati. "Miaka yote nimekaa kwenye springi, mwanangu, kazi yangu kubahatisha. Nilijua mkono, basi. Moyo nilikuwa nausikia kwa mbali. Wewe ndiye uliyenionesha ulipo."

Mganga aliitwa tena. Alisimama mlangoni, akamtazama mzee, akatazama mikono ya wateja waliojaa mle ndani, kila mkono na kioo chake kinachowaka kijani kwa chini. Alirudi alikotoka bila hata kufungua begi.

Kwa hiyo Bosi akabaki na alichokitaka. Baba yupo, anaongea, anatania, anamwita Bosi. Kila jioni, kabla hawajafunga duka, anavuta kiti karibu na soketi, anachukua mkono wa baba yake ulio baridi, anausogezea waya bila kuufungua mkanda, na anakaa hapo ameushika mpaka ujae. Umeme ukikatika anakimbia barabarani kuomba jenereta kwa watu, na watu wanamcheka, binti mzima analilia saa.

Jana umeme ulikuwepo. Waya ulikuwa umechomekwa kama kawaida, lakini namba ya chaji haikupanda. Ilibaki chini, nyekundu, ikapanda kidogo, ikashuka.

"Betri imechoka," baba alisema.

"Nitakuletea nyingine sasa hivi. Kabati limejaa."

"Huko kwingine kote nimeshaingia, Bosi. Nataka mahali pa kutulia. Pasipohitaji waya."

Akautoa mkono wake kwenye mikono ya binti yake, akaugeuza wa Bosi kiganja juu, na kwa vidole viwili, taratibu, kama fundi anayekagua kazi ya mwenzake, akatafuta mshipa chini ya ngozi akaukuta. Unadunda vibaya sana, mbio, kwa hofu.

"Sh," alisema. "Utazoea."

Bosi angeweza kuuvuta mkono. Mlango ulikuwa wazi na barabara ilikuwa na watu. Lakini kwenye kioo namba ya chaji ilikuwa imefika moja, na uso wa baba yake ulikuwa umeanza kuwa wa majivu.

Hakuuvuta.