Baragumu Lisiloshinda

Asubuhi ile Baba alikuwa akimenya viazi, dada yangu Bogna akianika uyoga juu ya jiko, na mumewe Zenon akitufundisha msitu wetu. Alikuwa amefika jana yake kutoka Warszawa, mji mkuu, na mabegi ya kamera, akaingia sebuleni na viatu vyenye tope, akatangaza kwamba sisi wa milimani tunaishi na kulungu miaka yote lakini hatujui kuwatazama.

"Shemeji," aliniambia, "nyinyi mnaona nyama. Mimi naona mwanga."

"Na tope kwenye zulia, unaliona?"

Akacheka kwa pua. Kicheko chake kiliishia kila mara kwa kikohozi kikavu cha sigara, hata kama hakuna aliyesema jambo la kuchekesha. Sijawahi kukisikia kwa mtu mwingine.

Ilikuwa Septemba, wakati madume wa kulungu wanaponguruma kugombea majike. Zenon alimtaka dume mzee wa Dolynka, kijiji ambacho watu wake walihamishwa baada ya vita. Nyumba zilioza, mitufaha ikabaki, msitu ukaizingira, na kulungu hushuka humo kula matufaha. Miaka yote aliyomvizia dume huyo, Zenon alikuwa amepiga picha nzuri sana za matako yake.

Safari hii aliomba baragumu letu. Ni pembe ya ng'ombe aliyoiacha babu, mlinzi wa msitu kama Baba. Ukilipuliza, dume hudhani mpinzani amekuja, hujibu, kisha hutoka vichakani kupigana. Lakini kwetu kuna sharti moja: baragumu halishindi. Dume akishatokea, unamalizia kwa mlio mdogo wa kinyonge, mlio wa dume kijana anayekubali kushindwa na kwenda zake. Baba aliita hilo kufunga. Hatukuwahi kumwuliza sababu, kama mtu asivyouliza kwa nini mlango una komeo.

"Chukua," Baba alisema. "Ila ufunge."

"Mzee, yaani nijidhalilishe mbele ya mnyama?"

"Mbele ya mnyama, ndiyo. Mbele ya watu umeshazoea."

Kesho yake alfajiri nilimsindikiza, kwa kuwa mtu lazima abebe miguu ya kamera na Zenon hakuwa mtu wa kubeba. Tulikaa ndani ya kibanda cha matawi, mitufaha ikiwa mbele yetu kwenye ukungu. Akapuliza. Dume akajibu kutoka mlimani. Akapuliza tena. Matawi yakavunjika karibu, na dume mzee akasimama wazi, shingo imevimba, pembe zake zimejaa majani makavu. Kamera ikalia.

"Mfungie sasa," nikanong'ona.

"Nyamaza. Atasogea zaidi."

Akapuliza kwa nguvu kuliko mwanzo, mpaka kikohozi kikamkatiza katikati ya mlio. Dume akanguruma. Zenon akamzidi. Wakaendelea hivyo, na kila mara jibu la dume lilipungua. Mwishowe mnyama yule akainamisha kichwa. Akageuka. Akaondoka polepole kama mzee aliyetolewa kwenye nyumba yake.

"Umeona? Nimemshinda!"

"Funga, Zenon."

"Mshindi hafungi."

Ndipo majike wakatoka. Hawakukimbia. Hawakugusa tufaha hata moja. Walikuja wakasimama mbele ya kibanda, wote wakitutazama, na mvuke wa pumzi zao ulipanda na kushuka kwa pamoja.

Macho yale yote hayakunitazama mimi; yalimtazama Zenon.

Nyumbani Zenon alituonyesha picha kwenye kioo cha kamera kwa majigambo. Baba hakuziangalia.

"Umefunga?"

"Nifunge nini? Nimeshinda."

Baba akaweka kisu chini. Akamgeukia dada yangu. "Bogna, mumeo asitoke nje mpaka msimu uishe."

"Nikojoe wapi, mzee? Kwenye ndoo?"

"Hata kwenye ndoo."

Jioni, kabla giza halijaingia, majike walikuwa wamesimama nje ya ua wetu. Zenon aliwaona dirishani, akiwa na kikombe cha bati cha buluu mkononi, chai yake ikitoa moshi. Uso wake ukang'aa.

"Wamenifuata! Hawa wana macho kuliko nyinyi."

Bogna akamshika mkono wa sweta. "Usiende. Nakuomba, Zenon. Sitaki picha, nakutaka wewe."

"Picha moja tu, mke wangu. Chai yangu isipoe."

Kikombe alikuwa nacho mwenyewe. Ndivyo alivyokuwa.

Akatoka na ndara miguuni, kamera shingoni. Majike wakampisha. Wakaifunga njia nyuma yake. Hawakumgusa. Wakaanza kutembea, naye katikati yao, akipiga picha, akicheka. Bogna akamwita. Akageuka, akainua kikombe kama anayetakia watu heri. Ukungu ukawameza. Tulisikia kikohozi chake. Halafu hatukusikia kitu.

Tulimtafuta na walinzi wa msitu na polisi. Mbwa waliketi kwenye ukingo wa Dolynka, wakakataa kuingia. Kamera ilikutwa ikining'inia juu ya mtufaha, mkanda umetafunwa. Picha ya mwisho ni ya Bogna dirishani kwetu, imepigwa karibu kiasi cha kuonekana mvuke wa pumzi yake kwenye kioo. Bogna anaapa kwamba alisimama pale jioni nzima, na nje aliona majike tu.

Septemba iliyofuata, alfajiri, dume akanguruma Dolynka. Katikati ya mlio kulikuwa na kikohozi kikavu.

Bogna alikuwa ameshachukua baragumu ukutani. Alimwekea Baba mikononi. "Ni yeye. Mpigie, Baba. Mshinde, majike wamwache arudi."

"Nikimshinda, watakuja kwa nani?"

Dada yangu alilia tu, akimshika magoti.

Baba akafungua dirisha. Akapuliza mara moja mlio mdogo, wa kinyonge, wa dume kijana anayekwenda zake. Kisha akalivunja baragumu kwenye goti lake.

Halafu kutoka kwenye mitufaha tukasikia kicheko cha puani. Hata huko, alifurahia kushinda.

Kulipopambazuka nilikwenda kufungua geti. Juu ya nguzo ya ua palikuwa na kikombe cha bati cha buluu, kimesafishwa mpaka ndani. Zenon hakuwahi kuosha kikombe maishani mwake.

Nilikishika. Kilikuwa bado cha moto.