Kompyuta Iliyoganda Wiki ya Mitihani

Alhamisi asubuhi kompyuta ilizimika mara tatu kabla ya chai ya saa nne. Mara ya tatu mke wa Fundi Nyundo alikuwa akichapa mtihani wa hisabati wa darasa la sita, swali la kumi na nane. Aliweka mikono mapajani, akaitazama skrini nyeusi.

Nyundo alikuwa mwashi. Waliompa jina hilo hawakukosea, maana kila alichokishika kilijua kimeshikwa. Mkewe alikuwa mpiga chapa, na ofisi yake ilikuwa pale pale sebuleni. Muhula huu, kwa mara ya kwanza, mwalimu mkuu alikuwa amempa mitihani ya shule nzima.

"Ijumaa saa sita mchana nataka kuiona mezani kwangu," alimwambia. "Mpiga chapa wa kwanza alinichelewesha, nikaachana naye."

Kompyuta ilikuwa nzito kufungua kazi. Kwa hiyo Jumatatu wakanunua kibao kipya cha memori. Memori ni kama meza ya kazi ya kompyuta. Meza ikiwa pana, kazi nyingi hukaa juu yake kwa pamoja. Kibao chenyewe ni chembamba, urefu wake kama wa kiganja.

"Nitakiweka mwenyewe," Nyundo alisema. "Nimesimamisha nyumba za ghorofa, nitashindwa na kidude hiki?"

"Basi polepole, baba watoto," mkewe alimsihi. "Ukikivunja tumekwisha."

Nyundo akakiweka polepole. Kuanzia Jumanne kompyuta ikaanza vituko: mara inaganda, mara skrini ya bluu, mara inajizima yenyewe.

"Ni umeme," Nyundo alisema Alhamisi hiyo, kikombe cha chai mkononi. "Umeme wa mtaa huu hauna adabu."

"Mbona taa inawaka?" aliuliza mama mkwe wake, aliyekuwa akikunja nguo kwenye kochi.

"Basi ni joto, mama."

Akaleta feni, akaielekeza kwenye kompyuta. Karatasi za mitihani zikapeperuka hadi jikoni, wote watatu wakazikimbilia. Waliporudi, skrini ilikuwa bluu.

"Sasa nimeelewa," Nyundo alisema. "Ni virusi. Tufute kila kitu tuanze upya."

"Na mitihani iliyomo?" mkewe aliuliza. "Siku nne nimechapa. Kesho saa sita nimpelekee nini mwalimu mkuu?" Machozi yakamtoka.

Nyundo aliumia moyoni. Kompyuta hii haikuwahi kuganda kabla hajaifungua, na hilo alilijua. Lakini kusema hivyo mbele ya mama mkwe si mchezo. Akanywa chai iliyokwisha poa.

Mama mkwe hakungoja. Alivaa ndala, akatoka, akarudi na jirani yao Dada Redio, fundi wa redio, simu na kompyuta. Hata mkoba wa vifaa Dada Redio alikuwa hajauweka chini alipouliza.

"Imeanza lini?"

"Jumanne," mke alijibu.

"Na kabla ya Jumanne mlibadilisha nini?"

Mama mkwe akamgeukia mkwewe taratibu.

"Niliongeza memori," Nyundo alisema kwa sauti ndogo.

"Basi tunaanzia hapo. Ukibadilisha kitu, halafu mashine ikaanza kusumbua, chunguza kwanza kile ulichobadilisha. Na msifute chochote."

Alizima kompyuta, akachomoa waya ukutani, akafungua ubavu wake. Kisha akagusa chuma cha kasha.

"Unaisalimia?" mama mkwe aliuliza.

"Mwilini tuna umeme kidogo, mama. Hatuuhisi, lakini unaweza kuua kibao. Nikigusa chuma unanitoka."

Akachungulia ndani, akaanza kucheka.

"Shemeji, hiki kibao nani alikiweka?"

"Mimi."

"Kimeingia upande mmoja tu. Upande huu kimekaa juu juu. Kompyuta ikitikisika kidogo, inakipoteza."

"Mke wangu aliniambia polepole," Nyundo alijitetea. "Nikabonyeza kwa kidole kimoja."

"Mlango wa bafu uliung'oa ukiufungua," mama mkwe alisema. "Leo ndiyo umepata mikono laini?"

Hata mkewe alicheka, machozi yakiwa bado mashavuni.

Dada Redio alichomoa kibao kipya, akasoma maandishi yake na ya kile cha zamani. "Aina moja, kasi moja. Vizuri. Visingelingana, mngekirudisha dukani." Akayasugua meno ya kibao kipya, ya rangi ya dhahabu, kwa raba safi ya penseli, akapangusa vumbi. Akampa Nyundo. "Pengo la kibao likae kwenye kinundu kilicho ndani ya mfereji huu wa kukichomekea. Sasa bonyeza ncha zote mbili, sawasawa, mpaka vishikizo hivi vya pembeni vijifunge."

"Kitavunjika."

"Kikikaa sawa hakivunjiki. Bonyeza."

Nyundo akashusha pumzi, akabonyeza. Ka! Upande mmoja. Ka! Upande wa pili.

Waliwasha. Dada Redio akafungua programu ya kupima memori, iliyokuja na kompyuta yenyewe. Wakasubiri karibu saa nzima, hakuna aliyethubutu kuigusa meza. Majibu yakaja: hakuna kosa.

"Kosa lingeonekana, tungepima vibao kimoja kimoja tujue kibovu ni kipi," Dada Redio alieleza. "Na wewe dada, hifadhi kazi yako kila baada ya dakika chache, na nakala uiweke kwenye flashi."

Mchana kutwa mke alichapa. Kompyuta haikuganda hata mara moja. Ijumaa saa tano na nusu mwalimu mkuu alipokea mitihani yote, akasoma ukurasa wa hisabati hadi mwisho.

"Muhula ujao ni wewe tena," alisema. "Na shule ya dada yangu nayo inatafuta mtu."

Njiani kurudi, mke alipunguza mwendo.

"Ungeniambia tangu Jumanne kwamba una wasiwasi na ulichofanya," alisema, "nisingelia jana."

"Niliona aibu."

"Aibu yako ilitaka kuninyima kazi hii."

Nyundo akasimama. "Ni kweli. Nisamehe, mke wangu."

Mkewe alimtazama, kisha akamshika mkono.

"Nimekusamehe," alisema. "Twende, tuna mitihani ya shule mbili."